Meza ya Fundi: Treni mbili, meza moja, wajukuu wawili

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kibos. Mwanangu aliye Uingereza aliniletea katoni ya treni ndogo za kipimo cha OO (moja kwa 76 ya treni halisi) alizozinunua mitumba: vichwa vitatu, mabehewa kumi na moja, reli tele, na kile kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha ili treni ikimbie. Vichwa viwili ni vya zamani. Cha tatu ni kipya na boksi linasema kiko tayari kwa DCC, yaani kuendeshwa kidijitali. Nimepigilia meza ya mbao, futi kumi kwa nne, chumba cha nyuma, nami nataka kuunda stesheni ya Muhoroni jinsi ninavyoikumbuka. Shida ni wajukuu. Wako wawili, na kila mmoja anataka treni yake. Nikiweka vichwa viwili kwenye reli vinaondoka pamoja kama vimefungwa kamba, mwisho vinagongana, na wenyewe nao wanagombana. Mwanangu anasema nitupe kisanduku ninunue dijitali. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa stima, anasema dijitali ni kumwaga pesa. Nifuate ya nani? (Mwalimu mstaafu, Kibos)

JIBU: Mwalimu, jirani ana nusu ya haki na mwanao ana nusu yake. Ila kesi yenyewe ni ya wajukuu, kwa hiyo tuanzie kwao.

Nitakueleza kwa mambo ya shule. Kisanduku ulicho nacho ni kengele. Ikilia, darasa zima linasimama. Huwezi kuipiga kwa ajili ya mtoto wa dawati la nyuma peke yake. Kisanduku kinatia kwenye reli umeme kama wa betri, kuanzia volti 0 mpaka 12 hivi, na kila mota iliyokanyaga reli hiyo inaamka. Ukibadilisha chanya na hasi, zote zinarudi kinyumenyume. Kichwa chenyewe hakijui lolote, kinakula kinachopakuliwa. Ulikuwa unadhani unaendesha kichwa, kumbe unaendesha reli.

Dijitali ni kuita rejista. Reli inakaa na umeme muda wote, volti 14 au 15, treni ikienda au ikilala. Umeme huo unapinduliwapinduliwa, chanya ikawa hasi, hasi ikawa chanya, maelfu ya mara kwa sekunde, na mapinduko yenyewe ndiyo maneno. Pinduko fupi, la sehemu 58 za milioni ya sekunde, linasomwa kuwa moja. Refu, la sehemu 100 au zaidi, ni sifuri. Ndani ya kila kichwa kuna kibao kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinaitwa dekoda, nacho kazi yake ni kusikiliza. Kikisikia namba yake kinaigawia mota umeme, kikisikia namba ya mwenzake kinaendelea na shughuli zake. Dekoda mpya hutoka kiwandani ikiitwa namba 3, wewe unaibatiza upya. Msingi wa lugha hii uliwekwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha chama cha NMRA cha Marekani kikaifanya kanuni ya wote katika miaka ya 1990. Hilo linakuhusu wewe mtu wa mitumba: dekoda ya kampuni hii inaisikia mashine ya kuamrisha ya kampuni ile, mradi zote ni za DCC.

Sasa Muhoroni. Pale pana reli moja na njia ya kupishania: treni ya kupanda kutoka Kisumu inasimama pembeni, ya kushuka kutoka Londiani na Fort Ternan inapita. Mchezo mzima wa reli yetu ya juu uko hapo, kungojana. Kwa kengele unaweza, usidanganywe kuwa haiwezekani. Unakata reli vipande vinavyojitegemea umeme, kila kipande kinapata swichi ya njia mbili yenye sifuri katikati: kushoto kwa kidhibiti cha mjukuu huyu, kulia kwa cha yule, katikati kumezimwa. Unahitaji visanduku viwili na subira.

Mimi nilianza hivyo. Meza yangu hapa Nakuru ilikuwa na vipande tisa, na ubao wa swichi nilioutengeneza kwa bati la mlango wa friji. Nikiwa peke yangu ilikuwa raha, nasema kweli, mkono unajua swichi kabla ya akili kujua. Jumapili moja mpwa wangu akaja, nikampa kidhibiti cha pili. Dakika ya kumi nikasahau kurudisha swichi ya kipande cha nne. Treni yake ya mafuta ikavuka mpaka, ikawa yangu, ikachukua mwendo wangu na uelekeo wangu. Tenki mbili zikaenda sakafuni. Yule mtoto hakulia, alinitazama tu kama mtu aliyeibiwa mchana. Na kweli alikuwa ameibiwa, sheria ya kengele ndivyo ilivyo: anayemiliki kipande ndiye anayemiliki treni iliyokikanyaga.

Kwa hiyo nakwambia wazi, wewe nenda dijitali. Si kwa sababu ni mpya. Mtu mwenye treni moja na jioni tulivu namwambia abaki na kengele na asilipe hata shilingi. Mwenye vichwa ishirini vya zamani namwambia hivyo hivyo, kwa sababu kila kichwa kitadai dekoda yake na hizo zinatoka ng'ambo kwa posta na ushuru. Tena kengele ikiharibika unaitafutia kasoro kwa balbu ya indiketa ya pikipiki: gusa reli hapa, gusa pale, palipo giza ndipo penye ugonjwa. Lakini wewe una vichwa vitatu tu, na una madereva wawili. Idadi ya madereva ndiyo inayoamua, kuliko idadi ya treni.

Hapo mwanao kashinda nusu yake. Nusu ya jirani ni hii: usinunue mashine kubwa ya kuamrisha ya bei ya ng'ombe. Kuna programu ya bure iitwayo DCC-EX, inapakiwa kwenye kibao cha kompyuta ndogo kiitwacho Arduino Mega kilichovikwa kibao cha kuendeshea mota. Vibao hivyo vinauzwa Nairobi na wauzaji wa vifaa vya elektroniki, na kijana yeyote anayesoma mambo ya kompyuta atakupakilia kwa mchana mmoja. Ukiongeza kibao kidogo cha waifai, watoto wanaendesha kwa simu, kwa programu ya Engine Driver. Simu ya Android iliyopasuka kioo inatosha kabisa. Kibao cha kawaida cha mota hutoa ampea mbili hivi kwa kila upande, nacho kwa meza yako na treni mbili kinatosha.

Sasa vichwa. Kile kipya: kuwa tayari kwa DCC si kuwa na dekoda. Ni kama nyumba yenye holda ya balbu bila balbu. Fungua ganda, utaona tundu, kwa vichwa vya Uingereza mara nyingi la pini nane, limezibwa na kibao cha bandia. Ng'oa hicho, chomeka dekoda, waya wa rangi ya chungwa uangalie pini ya kwanza. Ukiigeuza, mota itazunguka lakini taa hazitawaka. Toa, geuza, chomeka tena. Hakuna matanga.

Vile vya zamani ndivyo vinavyoua. Dekoda yangu ya kwanza iliishi chini ya sekunde moja. Kichwa kilikuwa cha mota ya kizamani, ya brashi mbili (vijiti vya kaboni vinavyoingiza umeme kwenye mota), na brashi mojawapo ilikuwa imeshikana na chuma cha chini kwa kijispringi kisichozidi punje ya mchele. Chuma hicho ndicho kinacholeta umeme kutoka magurudumuni. Kwenye kengele hiyo si kasoro, ndivyo kilivyoundwa. Kwenye dijitali ni umeme wote wa reli kuingia kwa mlango wa nyuma wa dekoda. Nilikuwa nimekagua kwa macho badala ya mita ya kupimia umeme. Ukatoka uzi mwembamba wa moshi, na harufu kama molasi iliyoungua, wewe wa upande wa viwanda vya sukari utaijua. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nimeunguza nini. Nikajibu, mboga.

Basi chukua mita, iweke pale inapolia mlio. Ncha moja kwenye brashi, nyingine kwenye gurudumu, kisha gurudumu la upande wa pili, kisha chuma cha chini. Rudia kwa brashi ya pili. Dekoda na kebo zikiwa bado hazijaungwa, mita isilie popote. Ikilia, tenga brashi hiyo kwa kipande cha plastiki au mpira wa waya mpaka inyamaze. Halafu kipimo cha pili: kipe kichwa volti 12 kupitia mita ya ampea, bonyeza magurudumu kwa kidole mpaka yasimame, soma haraka na uachilie. Ikipita ampea moja, dekoda ya kawaida ya kipimo hiki italemewa, kwa hiyo tafuta yenye misuli zaidi au kiache kichwa hicho na kengele. Kati ya viwili vyako vya zamani chagua kile kinachonywa kidogo. Cha pili kijengee duara lake dogo pembeni na kisanduku chake cha zamani. Hakuna kutupa kitu.

Ila duara hilo lisiguse meza kubwa kwa reli wala kwa waya. Kengele na rejista zikikutana kwenye reli moja, kimoja kitamchoma mwenzake. Ukitaka meza kubwa itumie vyote kwa zamu, weka swichi moja ya njia mbili, ile ya kushika upande mmoja tu kwa wakati, na usiamini kumbukumbu yako. Mimi niliiamini yangu siku ya tenki za mafuta.

Waya ni neno la mwisho, na hapa jirani yako atakufaa kuliko mimi. Chini ya meza pitisha waya mbili za milimita za mraba 2.5, nyekundu na nyeusi, ule ule anaoupeleka kwenye soketi za nyumba. Kila baada ya mita moja hivi teremsha waya mwembamba kutoka reli hadi kwenye waya mnene, uchomelee kwa solda. Usitegemee vile vibati vya kuungia reli kwa reli kupitisha umeme. Kwa unyevu wa ziwa vitashika kutu kabla ya mvua za pili. Ukimaliza, washa, chukua sarafu ya shilingi kumi uilaze juu ya reli mbili, sehemu ya mbali kabisa. Umeme ukate papo hapo. Usipokata, waya wako ni mwembamba au maungio ni mabovu, na siku treni itakapoanguka na kufanya shoti pale, kitu kitayeyuka. Zunguka na sarafu yako meza nzima kila futi chache. Reli zenyewe uzifute kwa spiriti na kitambaa, usitie msasa, mikwaruzo hushika uchafu. Dijitali inachukia uchafu kuliko kengele, maana dekoda inayokosa umeme kidogo tu inapotelewa na maneno. Mimi napigana na vumbi la Nakuru (jina lenyewe husemwa latokana na neno la Kimaasai la vumbi), wewe utapigana na wale wadudu wa ziwani wanaofia kwenye taa.

Kabla wakereketwa hawajakuandikia: ndiyo, reli za OO zina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha mara 76 unapata kama mita moja na robo. Si reli yetu ya mita moja iliyofika Kisumu mwaka 1901, wala si SGR ya milimita 1,435. Anayetaka mita kamili katika kipimo cha 1 kwa 87 anatumia reli ya milimita 12 na anaanza upya pochi yake. Paka rangi ya kutu ubavuni mwa reli, panda miwa ya nyuzi za katani, na hakuna mjukuu atakayekuja na rula.

SWALI: Fundi, nasoma chuo, niko Lanet. Nimeuziwa mashine ya DCC ya mitumba. Kitabu chake kinasema kichwa kisicho na dekoda kinaweza kuendeshwa kwa namba 0. Nimejaribu, kinakwenda, lakini kinalia kama nyuki hata kikiwa kimesimama, na kina joto. Ni kawaida? (Kijana wa Lanet)

JIBU: Ni kawaida, na ni vibaya. Kitoe relini sasa, urudi usome.

Ile hila ya namba 0 inafanya kazi hivi: mashine inarefusha upande mmoja wa zile sifuri, ili chanya ikae muda mrefu kidogo kuliko hasi. Dekoda hazijali, sifuri ndefu bado ni sifuri. Lakini mota tupu inahisi ile tofauti na inasogea kuelekea upande uliozidi. Tatizo ni kuwa mota hiyo inaendelea kupigwa na volti zote za reli, mbele nyuma, mbele nyuma, maelfu ya mara. Ikienda, inapata nafuu ya upepo na mzunguko. Ikisimama, inapikwa. Mlio wa nyuki ni waya za ndani zikitetemeka.

Mota ya kizamani, nzito, ya chuma, itavumilia dakika chache. Zile ndogo za kisasa zisizo na chuma katikati zinaweza kuungua kabla hujaweka simu chini. Mashine nyingi za siku hizi zimeiacha hila hii kabisa. Ukitaka kukionyesha kichwa hicho kwa rafiki, kionyeshe kwa kisanduku cha kawaida. Na kama una moyo nacho, fuata vipimo viwili nilivyompa Mwalimu wa Kibos hapo juu, kisha kitie dekoda.

SWALI: Niko Butere, natumia dijitali. Kwa kuwa hapa kwetu reli inaishia, nilitengeneza kitanzi mwisho wa meza ili treni igeuke yenyewe na kurudi. Nikiwasha tu, mashine inakata, hata bila treni. Nimebadilisha pointi, ile reli ya kuchepushia treni, mara tatu. (Msomaji, Butere)

JIBU: Pointi haina kosa. Chukua kalamu mbili, nyekundu na nyeusi, uchore reli zako kwenye karatasi. Fuata nyekundu kwa kidole mpaka izunguke kitanzi. Umeona ilikorudia? Imeigusa nyeusi. Umejifanyia shoti kwa mikono yako, na hata treni za kengele zina ugonjwa huo huo.

Kata reli zote mbili mwanzoni mwa kitanzi, kata zote mbili mwishoni, ili katikati pabaki kipande kilichotengwa pande zote. Kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Behewa la mwisho lenye magurudumu ya chuma likiwa bado linavuka mkato wa kuingilia huku kichwa kinavuka wa kutokea, shoti inarudi.

Kwa mtu wa kengele, kipande hicho kinapata swichi yake: treni ikiwa ndani, anageuza chanya na hasi za njia kuu, anageuza pointi, ndipo anaitoa. Akichelewa kugeuza, treni inasimama mlangoni. Wewe una bahati. Katika dijitali uelekeo wa treni uko ndani ya dekoda, reli haina usemi. Unaweza kupindua umeme wa kitanzi treni ikiwa juu yake na isijue. Kuna kibao cha kupindua chenyewe: kinahisi shoti magurudumu yanapogusa mkato, kinapindua upesi kuliko mashine yako inavyowahi kukata, treni inapita bila hata taa kupepesa. Kibao kimoja kinatosha kitanzi kimoja. Kiweke kabla hujanunua pointi ya nne.

SWALI: Shemeji ametuma mashine ya DCC kutoka Marekani, adapta yake ina pini mbili bapa. Nimepata kiunganishi cha kubadilisha pini. Nichomeke? (Kakamega)

JIBU: Geuza adapta usome kibandiko. Kikisema inapokea volti 100 hadi 240, chomeka. Kikisema 120 peke yake, usithubutu, stima yetu ni 240 na kile kiunganishi hubadilisha umbo la pini tu, volti zinapita kama zilivyo. Tafuta transfoma ya kushushia, au bora zaidi, soma upande wa pili wa kibandiko, volti ngapi na ampea ngapi zinatoka, na kama ni DC au AC, uende kwa muuza adapta za laputopu ukiwa na karatasi hiyo mkononi.